Kwa nini wanyama hula kwa makundi, na watafiti hujuaje?

Mpunga wa Ahero, karibu na Kisumu nchini Kenya, unapofikia hatua ya punje kujaa maziwa, kazi ya kuamia ndege huanza kabla ya jua kuchomoza. Vijana husimama kwenye kingo za majaruba na makombeo yao, wakirusha vibonge vya udongo, wakipiga mbinja na kugonga makopo mpaka giza linapoingia. Adui wao ni kwelea kwelea, ndege mwenye mdomo mwekundu ambaye uzito wake haufiki gramu 30. Kwa siku hula mbegu za gramu 10 hivi. Akija mmoja, mkulima hata hamwoni. Wakija milioni moja, tani 10 za nafaka huondoka kati ya asubuhi na jioni. Mwanzoni mwa 2023 waliyavamia mashamba ya mpunga ya Kisumu kwa wingi wa kutisha, hata serikali ikaamua kuwanyunyizia dawa ya fenthioni. Dawa hiyo haimchagui kwelea ikamwacha kipanga au bundi anayemla kwelea huyo.

Kwa hiyo swali la kwa nini ndege hawa hula pamoja linawahusu wengi zaidi ya wataalamu wa chuo kikuu. Mkulima wa uwanda wa Kano, uliko Ahero, analilipia kila msimu. Na jibu ambalo wengi wetu tungelitoa papo hapo, kwamba umoja ni nguvu, halimsaidii mkulima wala mtafiti. Linatwaa hekima ya binadamu na kumvika ndege, kisha linaacha mambo yote magumu bila kuguswa. Nguvu ya kufanya nini? Inamfaidi nani katika kundi? Na je, hao walio pamoja wamefuatana, au kila mmoja amekuja kivyake akawakuta wenzake?

Hilo la mwisho ndilo la kwanza kwa mtafiti. Wavuvi wa omena, dagaa wa Ziwa Victoria, hulijua vizuri hata kama hawaliweki kwa maneno hayo. Usiku usio na mwezi huwasha taa juu ya maji, mwanga ukawavuta wadudu na vijidudu vya ziwani, na omena wakajaa chini ya taa. Ukiangalia kutoka kwenye mtumbwi utaona kundi kubwa la samaki wanaokula pamoja. Lakini aliyewakusanya ni taa. Zima taa, sababu ya kuwa mahali pale imekwisha. Mchana omena hao hao huogelea kwa makundi bila taa yoyote, na huko ndiko kuna jambo la kueleza, kwa sababu hapo wanavutana wao kwa wao. Yangeyange wanaofuata ng'ombe malishoni nao wanahitaji uangalifu huo huo. Ng'ombe akitembea huwarusha panzi, na yangeyange aliye karibu na kwato hupata windo zaidi kwa hatua chache. Kumi wakimzunguka fahali mmoja si lazima wawe wanapendana. Huenda wote wanampenda fahali.

Mtafiti hutofautishaje? Huanza kwa kupima chakula kabla ya kupima wanyama. Anagawa shamba au ufuo katika vipande vinavyolingana, anahesabu mbegu, wadudu au samaki katika kila kipande, kisha anaangalia wanyama wamekaa wapi. Kama wametawanyika kulingana na chakula kilivyotawanyika, hana haja ya kuzungumzia kundi, chakula kimeshajibu. Lakini akikuta vipande viwili vyenye mbegu sawa, kimoja kimejaa ndege na kingine kitupu, hapo ndege wenyewe wanavutana. John Krebs alitumia njia nyingine nzuri zaidi katika utafiti wake wa korongo wa Amerika Kaskazini, uliochapishwa 1974. Alisimamisha sanamu za korongo ufukweni. Sanamu hazili wala hazivui samaki, hazipunguzi wala haziongezi chochote majini. Hata hivyo korongo waliokuwa wakipita angani walishuka zilipo. Walichokuwa wakikifuata ni umbo la mwenzao aliyesimama majini, kama dalili kwamba hapo pana samaki.

Napenda jaribio hilo kwa sababu linaonyesha kiini cha kazi hii yote: kubadili kitu kimoja tu na kuacha vingine vyote vilivyo. Porini mambo huja yamefungamana. Mahali penye chakula kingi pana ndege wengi, penye ndege wengi pana kipanga, penye kipanga ndege hubadilisha tabia, na ukitaka kujua kipi kimesababisha kipi huna pa kushika mpaka ukichomoe kimoja.

Tuseme sasa tumeshajiridhisha kwamba wanyama wanavutana. Wanapata nini? Hapa watafiti wa zamani waliteleza kwa kuuliza kundi linapata nini, kana kwamba kundi lina tumbo. Mwaka 1971 mwanabiolojia Mwingereza W. D. Hamilton aliligeuza swali. Alimfikiria chura aliyekaa ukingoni mwa bwawa, na nyoka atakayetokea majini na kumkamata aliye karibu zaidi. Chura hawezi kumzuia nyoka. Anachoweza ni kuhama na kujipenyeza kati ya wenzake wawili, ili nyoka atokeapo awe na uwezekano mkubwa wa kumkuta mwingine kwanza. Kila chura akifanya hivyo, kwa hesabu yake mwenyewe na bila kumjali jirani, bwawa zima litaishia kuwa na marundo ya vyura. Kundi limezaliwa bila ushirikiano wowote. Hoja hiyo inauma kidogo kwa sisi tuliolelewa na methali za umoja, lakini imesimama, na imewapa watafiti kitu cha kupima: aliye pembeni anapaswa kuwa hatarini kuliko aliye katikati, na wanyama wanapaswa kugombea katikati.

Robert Kenward alilipima suala la hatari moja kwa moja, na matokeo yake yalichapishwa 1978. Alikuwa na kozi aliyefunzwa, akawa anamwachilia dhidi ya njiwa pori waliokuwa wakila mashambani. Alipomwachilia kwa njiwa aliye peke yake, kozi alifaulu karibu mara 8 kati ya 10. Kwa makundi ya njiwa zaidi ya 50, hakufikia hata mara 1 kati ya 10. Sababu kubwa ilikuwa umbali: kundi kubwa lilimwona kozi akiwa bado mbali, likaruka mapema. Zingatia kwamba mwindaji alitoka mkononi mwa mtafiti. Angewasubiri kozi wa porini wachague wenyewe, asingejua kama makundi makubwa yanaponyoka kwa sababu ya macho mengi au kwa sababu kozi huyaacha na kuwafuata wanyonge waliojitenga.

Mambo ya macho mengi yamezaa tafiti nyingi mno, na hapa inafaa tukae kidogo, maana ndipo ugumu wa sayansi hii unapoonekana wazi. Ndege anayedonoa ardhini hawezi kuangalia juu wakati huo huo. Kila anapoinua kichwa anapoteza mdonoo. H. Ronald Pulliam alionyesha kwa hesabu mwaka 1973 kwamba ndege wakiwa wengi, kila mmoja anaweza kupunguza kuinua kichwa na bado kipanga akaonekana mapema, kwa kuwa wakati wowote yupo mmoja aliyekaa chonjo. Hesabu nzuri. Watafiti wakaingia uwanjani na saa, baadaye na video, wakahesabu: huyu ameinua kichwa mara ngapi kwa dakika, kwa sekunde ngapi, na kundi lake lina wangapi. Kwa spishi baada ya spishi jibu likaja lile lile: kundi likikua, vichwa huinuka mara chache zaidi na midomo hudonoa zaidi.

Je, dhana imethibitishwa? Bado. Fikiria ndege yule yule katika kundi kubwa. Punje zinagombewa. Akichelewa kwa kuinua kichwa, jirani amezichukua. Huenda basi anainama kwa sababu ya haraka, wala si kwa sababu anajiona salama. Takwimu za hali hizi mbili zinafanana kabisa. Tena, makundi makubwa huwa mahali penye chakula kingi, na penye chakula kingi ndege yeyote hudonoa sana. Makundi makubwa yana sehemu kubwa ya katikati, na wa katikati huinua kichwa mara chache kuliko wa pembeni. Na aliyeinua kichwa, nani amesema anamtafuta kipanga? Huenda anamwangalia jirani mkorofi, au anachungulia aliyepata punje nono. Mwaka 1989 Mark Elgar alizipitia tafiti hizi na kuonyesha kwamba nyingi hazikuwa zimezitenga sababu hizo.

Kuzitenga kunawezekana, ila kunadai subira. Unaweza kumwaga mbegu nyingi kiasi kwamba hakuna wa kugombea, kisha uangalie kama idadi bado inapunguza kuinua vichwa. Unaweza kuwaweka ndege wakionana kupitia kioo bila kufikiana. Thomas Caraco na wenzake walichukua njia ya hatari: walikuwa wakiwachunguza ndege wadogo wa ardhini huko Arizona, wakamrusha mwewe aliyefunzwa juu ya eneo lao. Chakula hakikubadilika, hofu ndiyo iliyobadilika. Makundi yakakaribia kuwa maradufu. Matokeo hayo yalichapishwa 1980, na ninayaona kuwa ushahidi mzito kuliko kurasa nyingi za kuhesabu vichwa.

Kabla ya kuhesabu chochote kuna swali la nani ahesabiwe, na somo hilo dunia ililipata kwa sehemu kubwa kutoka Kenya. Jeanne Altmann, aliyetafiti nyani wa Amboseli, aliandika 1974 kuhusu kosa ambalo kila mtazamaji hulifanya: jicho hufuata kinachotokea. Nyani wawili wakipigana utawaandika. Yule aliyekaa chini ya mti akitafuna nyasi kwa nusu saa hutamwandika, ingawa kutafuna nyasi ndiko maisha yenyewe. Dawa yake ni kumchagua mnyama mmoja kwa bahati nasibu, kumtazama kwa muda uliopangwa na kuandika kila afanyalo, liwe la kusisimua au la kuchosha, kisha kwenda kwa mwingine. Njia hiyo hutumika leo kuanzia kwa nyani hadi kwa samaki.

Usalama ni upande mmoja. Upande wa pili ni chakula chenyewe: kundi linaweza kumsaidia mmoja kukiona. Hapa kwelea wetu anarudi kwa kishindo. Peter Ward, aliyewachunguza kwelea huko Afrika Magharibi, na Amotz Zahavi wa Israel walipendekeza mwaka 1973 kwamba malalo ya ndege ni vituo vya habari. Ndege aliyekosa chakula jana hulala na wengine, na asubuhi huwafuata walioshiba, ambao wanaondoka kwa uhakika kuelekea wanakokujua. Peter de Groot aliijaribu dhana hiyo katika kizimba cha ndege kwa kutumia kwelea, na matokeo yake yakatoka 1980. Aliwafundisha kwelea wa kundi moja mahali pa maji na wa kundi lingine mahali pa chakula, kisha akawachanganya. Alipowanyima maji, wasiojua maji yalipo waliwafuata wanaojua. Alipowanyima chakula, waliokuwa viongozi wakawa wafuasi.

Kizimbani, sawa. Porini ni vigumu zaidi, maana ndege wakiondoka malaloni pamoja hujui nani anamfuata nani, na huenda kila mmoja anatazama tu walioshuka shambani na kwenda kutua hapo. Jaribio bora la porini lilifanywa kwa kunguru wakubwa wa Maine, Marekani. John Marzluff, Bernd Heinrich na Colleen Marzluff waliwashika kunguru, wakawaweka kifungoni mpaka habari walizokuwa nazo kuhusu mizoga zikapitwa na wakati, kisha wakawaachilia malaloni. Kunguru hao, ambao hawakuwa na namna ya kujua mzoga mpya ulipo, walionekana baadaye mzogani wakiwa na wenzao wa malalo. Heinrich pia aligundua kwa nini kijana wa kunguru aliyeona mzoga huwaita wengine badala ya kunyamaza ale peke yake. Mzoga mara nyingi uko katika eneo la jozi ya wakubwa wanaoulinda kwa ukali. Kijana mmoja hufukuzwa. Kundi la vijana huwashinda. Kelele yake ina faida kwake mwenyewe.

Shomoro wa mjini nao wanajua kupiga hesabu za namna hiyo. Elgar, yule yule wa kuhakiki vichwa, aliwapa shomoro mkate wa kiasi kile kile kwa namna mbili: umepondwa kuwa makombo, au ukiwa kipande kimoja. Shomoro wa kwanza kufika aliwaita wenzake zaidi mkate ulipokuwa makombo, wakati ambapo kuwagawia wengine hakumpunguzii sana na kuwa nao kunampa macho ya ziada. Mkate ulipokuwa kipande kimoja cha kugombewa, aliita kidogo. Hilo ni jaribio ambalo mwanafunzi wa Nakuru au Kakamega anaweza kulifanya katika uwanja wa shule yake kwa mkate wa shilingi chache.

Pale panapokuwa na wanaotafuta, huzuka wadoezi. Christopher Barnard na Richard Sibly waliwaeleza 1981, wakitumia shomoro tena: baadhi ya ndege hutafuta chakula, wengine hutazama waliopata na kwenda kula hapo hapo. Udoezi unalipa sana pale wadoezi wanapokuwa wachache. Wakizidi, hakuna wa kudoewa, na kutafuta kunalipa tena. Luc-Alain Giraldeau na wenzake huko Canada walijenga vizimba ambavyo upande mmoja ndege anaweza tu kutafuta na upande mwingine anaweza tu kudoea, wakaona mapato ya udoezi yakishuka kadiri wadoezi walivyoongezeka, na ndege wakihamia kule kunakolipa mpaka pande zote mbili zikalipa karibu sawa. Kwa hiyo ukiona ndege 100 wanakula pamoja, usifikiri wote wanafanya kazi moja.

Jambo linalowachanganya wengi zaidi ni ukubwa wa kundi. Mtu angedhani kwamba kama mnyama hula vizuri zaidi katika kundi la 6, basi porini tungekuta makundi ya 6. Sibly alionyesha 1983 kwa nini sivyo. Fikiria matatu ya Kisumu kwenda Busia jioni. Kumi na wanne wamekaa vizuri. Wa kumi na tano yuko stendi, giza linaingia. Kwa waliomo, ni heri asipande. Kwake yeye, kubanwa ni afadhali kuliko kubaki. Atapanda, na wa kumi na sita pia, mpaka kubanwa kuwe kubaya sawa na kubaki nje. Ndivyo makundi ya wanyama yanavyoweza kuvimba kupita ukubwa unaowafaa waliomo, kama hawana njia ya kumzuia anayejiunga. Maana yake kwa mtafiti ni nzito: huwezi kuliona kundi kubwa porini na kuhitimisha kwamba ukubwa huo ndio bora. Lazima upime anachopata mmoja katika kila ukubwa, pamoja na anachopata aliye nje.

Simba ndio waliotoa funzo kali kuliko wote. Kwa miaka mingi iliaminika kwamba simba huishi pamoja kwa sababu wakiwinda pamoja hula vizuri. Anayezuru Mbuga ya Ziwa Nakuru akaona majike wanne wakimla nyati haoni sababu ya kubisha. Craig Packer, David Scheel na Anne Pusey waliwafuatilia majike wa Serengeti kwa kola za redio, wakapima chakula alichopata kila jike kwa siku katika makundi ya ukubwa mbalimbali, na wakachapisha 1990. Wakati wa njaa, aliyewinda peke yake alipata chakula kama aliye katika kundi la 5 au 6, na zaidi ya aliye katika kundi la 2 hadi 4. Kama chakula ndicho kingekuwa sababu, majike wa familia ndogo wangetawanyika wakati wa njaa. Hawakutawanyika. Walikaa wote pamoja ingawa walikula kidogo. Kinachowashikanisha ni watoto, ambao madume wageni huwaua, na eneo, ambalo familia jirani kubwa hulinyakua. Walikuwa wakila kwa kundi, lakini sababu ya kundi haikuwa kula.

Nadhani hilo ndilo jambo ambalo kila mtu anayetazama wanyama angepaswa kuwa nalo kichwani. Mahali unapowaona pamoja si lazima pawe ndipo sababu ya kuwa pamoja ilipo.

Ukilinganisha Nakuru na Kakamega utaona pia jinsi aina ya chakula inavyobadili mambo. Flamingo mdogo wa Ziwa Nakuru hula mwani wa spirulina, anaouchuja kutoka majini kwa mdomo uliopinduliwa, ulimi ukipiga maji kama pampu. Mwani ukiwa tele umeenea kote majini, na jirani akichuja hapo kando hakupunguzii kitu cha maana. Gharama ya kuwa na wenzako ni ndogo, ilhali furukombe anayewawinda flamingo yupo. Si ajabu basi makundi yakafika malaki. Katika msitu wa Kakamega, ambako Marina Cords amekuwa akiwachunguza kima tangu 1979, chakula ni tofauti. Mti wenye matunda yaliyoiva ni kitu cha kugombewa na huisha. Majike wa kima hupigana na kundi jirani kwa ajili ya eneo lao. Lakini kima hao hao huonekana wakila pamoja na kima mkia mwekundu, ambaye ni spishi nyingine na hula mengi wanayokula wao. Kima ni mkubwa na anaweza kumfukuza yule mdogo mtini. Cords alilazimika kuuliza maswali yote mawili kwa pamoja: je, wanakutana zaidi ya vile wangekutana kwa bahati tu, kila kundi likizurura kivyake? Na wakiwa pamoja, muda wa kula na wa kukaa chonjo unabadilikaje, katika msitu wenye tai mwenye ushungi anayekamata kima?

Maumbile yenyewe wakati mwingine hufanya jaribio. Tangu miaka ya 2010 maji ya Ziwa Nakuru yalipanda, ziwa likatanuka kutoka kilomita za mraba 40 hivi hadi zaidi ya 60, chumvi ikapungua, mwani ukapungua, na flamingo wengi wakahamia Bogoria na kwingineko. Hata hivyo mtafiti mwangalifu halichukui hilo kama jaribio safi. Maji yalibadili chakula, ufuo, kina na wawindaji vyote kwa mpigo.

Vifaa vipya vimesaidia. Huko Mpala, kituo cha utafiti cha Laikipia, Kenya, Ariana Strandburg-Peshkin na wenzake waliwavisha nyani kola za GPS zilizoandika mahali alipo kila mmoja kwa kila sekunde. Matokeo yao ya 2015 yalionyesha kwamba kundi haliburutwi na dume mkubwa. Nyani yeyote anaweza kuanza safari, na wengine hufuata zaidi pale walioanza wanapokuwa kadhaa na wanakubaliana upande wa kwenda. Hapo hapo Mpala, Danai Papageorgiou na Damien Farine waliwafuatilia kanga wa nyika, wale wenye kichwa kitupu kama cha tai mla mizoga. Walipata kwamba wababe wa kundi hukalia chakula na kuwafukuza wanyonge. Wanyonge, wakiwa hawana cha kula, huanza kuondoka, na kundi zima huishia kuwafuata, wababe wakiwemo. Makala yao ya 2020 ilinifanya nitazame upya kundi lolote la kuku wa kienyeji.

Turudi majarubani. Kwelea wanapokula huonekana kama wingu linalobingirika: walio nyuma, ambako punje zimekwisha, huruka juu ya wenzao na kutua mbele, kisha walioachwa nyuma nao huruka. Mtu anayetaka kujua kwa nini wametua Ahero pamoja ana kazi inayofanyika kwa vifaa vya kawaida. Achague majaruba ya mbegu ile ile iliyopandwa siku moja, ahesabu punje kwa suke, na kuhakikisha yanalingana. Katika baadhi yake asimamishe sanamu za kwelea, mengine ayaache matupu, na arekodi wanakotua wa kwanza. Kwa video ahesabu midonoo ya aliye pembeni na ya aliye katikati, kabla na baada ya kombeo kurushwa. Alfajiri awe malaloni, aone kama ndege wanaondoka kwa mafungu yanayoelekea upande mmoja au wanatawanyika na kukusanyika baadaye juu ya mashamba. Kama wanavutwa na wenzao walioshuka, kuwawahi wachache wa kwanza kunaweza kuokoa jaruba zima, na vijana wa kuamia wanahitajika zaidi mwanzoni mwa asubuhi. Kama njia imeshachaguliwa kutoka malaloni, kombeo litawahamishia tu kwa jirani, na wakulima wa mifereji yote watalazimika kuamia kwa zamu moja, wakati mmoja, au wasipate nafuu.